Fedha za bweni zimegeuka basi: parokia ina sauti gani juu ya shule iliyoijenga?

Mwana wa Lukuledi (mwanzisha uzi)

Tumsifu Yesu Kristo wakuu. Na kwa wasio wa upande wetu, habari za Jumapili.

Naandika kutoka kusini, ukanda wa korosho. Parokia siitaji, jimbo silitaji. Huku tuna majimbo matatu, Mtwara, Lindi na Tunduru-Masasi, kwa hiyo anayetaka kubashiri abashiri peke yake. Na tuelewane mapema: hakuna aliyeitwa mwizi. Fedha zipo, zimesimama uwanjani zina matairi sita.

Kisa chenyewe. Parokia ina sekondari. Tuliombwa tuchangie bweni la wasichana, kwa sababu watoto wa vigango (makanisa madogo ya parokia) vya mbali wanapanga vyumba mtaani, na kila mzazi wa huku anajua binti wa kidato cha pili anayejipikia mwenyewe kwenye chumba cha kupanga anakutana na nini. Kila familia ikapangiwa kiasi, makusanyo yakapitia jumuiya ndogo ndogo. Kitabu cha stakabadhi kilikuwa cha peke yake, jalada la kijani, kila karatasi imegongwa muhuri BWENI, mbali kabisa na kadi ya zaka. Jumapili ya mavuno ndiyo ilitia fora. Baada ya misa ukapigwa mnada, jogoo mmoja akanunuliwa, akarudishwa, akauzwa tena, akarudishwa tena, mpaka mwenyewe akachoka akalala miguuni pa katekista. Mama mmoja wa jumuiya yetu asiye na hata mkorosho mmoja alileta debe la mbaazi.

Msingi ukamwagwa, kuta zikafika usawa wa madirisha. Zikaishia hapo. Shule zilipofunguliwa Januari tukaona basi la mtumba limeandikwa jina la shule ubavuni.

Tukauliza. Mwenyekiti wa halmashauri walei (baraza la waamini wasio mapadre) akasema fedha "zimehamishwa kwa muda". Paroko akasema ni uamuzi wa bodi ya shule. Bodi ikasema yenyewe inashauri tu, mmiliki ni jimbo. Ofisi ya elimu ya jimbo ikasema aliyechangisha ni parokia, ulizeni parokia. Tumezungushwa mpaka tumerudi pale pale kwenye benchi letu.

Ninavyoona mimi, watu wanachanganya maswali mawili. Shule ni ya nani, hilo swali moja, na jibu lake huenda lisitupendeze. Fedha iliyotolewa kwa bweni inaweza kununua basi? Hilo ni swali jingine kabisa, na halimtegemei mmiliki ni nani. Karibuni.

SalfaNaKorosho

Nachukua siti ya mbele. Ya kwenye basi.

Mzee wa Kitangari

Mwanangu, mambo ya Kanisa hayaletwi mitandaoni. Sadaka ukishaitoa umemtolea Mungu, huifuati na tochi. Mimi nimesoma kwa mapadre wa Ndanda. Hakuna aliyewahi kumwuliza padre hesabu, na shule zilikuwa shule kweli. Leo kila mwenye simu ni mkaguzi.

Mwana wa Lukuledi

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako naiheshimu, ila hebu tuirudie historia yenyewe.

Watawa Wabenediktini walifungua kituo cha misheni cha Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao 1896. Vita vya Maji Maji vikachoma vituo vyote viwili mwaka 1905, mwaka ule ule Askofu Cassian Spiss alipouawa njiani kule Liwale. Ndanda ikaanza 1906 baada ya moto kuzimika. Tangu hapo kila kilichojengwa, shule, hospitali, karakana, kilijengwa kwa nguvu ya babu zetu, lakini fedha taslimu ilitoka Ulaya. Babu yangu hakuuliza hesabu kwa sababu hesabu ilikuwa inasomwa kwa wafadhili, ng'ambo. Waliotoa waliuliza, mzee. Hatukuwasikia tu.

Pili, utawala wenyewe ulikuwa wa namna yake. Mpaka 1972 huku hapakuwa na Jimbo la Mtwara. Abate, yaani mkuu wa monasteri ya Ndanda, ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kiaskofu juu ya eneo lililokuwa chini ya abasia yake, kwa hiyo monasteri na uongozi wa Kanisa vilikuwa kichwa kimoja. Jimbo la Mtwara lilipoundwa Desemba 1972 akiwa askofu wake wa kwanza Maurus Libaba, abasia ikabaki abasia na jimbo likawa jimbo. Swali la "hiki ni cha nani" lilianzia hapo kuwa swali la kweli.

Tatu, hiyo sekondari ya Ndanda unayoisifu, ambayo hata hayati Mkapa wa Lupaso alipita, si ya Kanisa tena. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni chini ya serikali. Kanisa lilibaki na seminari, kama Namupa kule Lindi. Sekondari hizi za parokia na za jimbo mnazoziona leo zimekuja baadaye sana, na hazikujengwa na mfadhili wa München. Zimejengwa na salfa (dawa ya mikorosho), AMCOS (vyama vyetu vya ushirika) na jogoo aliyeuzwa mara tatu.

Zamani alitoa mzungu, akasomewa hesabu mzungu. Sasa tunatoa sisi.

Bi Mtama

Hapo kwa jogoo nimecheka, kigangoni kwetu alikuwa bata.

Mzee wa Kitangari, shikamoo, lakini sisi WAWATA, akina mama wa kikatoliki, ndio tunaopita nyumba kwa nyumba na hicho kitabu cha stakabadhi. Mtu akishakuuliza mlangoni "lile bweni vipi?" huwezi kumjibu kwamba amemtolea Mungu. Atakujibu sawa, na safari ijayo atakuwa shambani kila ukipita.

Frateri Mstaafu

Nilikaa seminari miaka kadhaa kabla ya kuona wito wangu ni mke na watoto, basi acha nilipe ada niliyosomeshwa.

Sheria inayotuongoza ni Sheria ya Kanisa ya 1983. Nitakwenda kwa kanuni ili asiniambie mtu nimeota.

Umiliki kwanza, kwa sababu hapo mwanzisha uzi hutafurahi. Kanuni 803 inasema shule ni ya kikatoliki ikiwa inaongozwa na mamlaka ya Kanisa au chombo cha Kanisa chenye hadhi ya kisheria, au ikiwa mamlaka hiyo imeitambua kwa maandishi. Parokia nayo ina hadhi ya kisheria kwa kanuni 515, kwa hiyo kikanisa inaweza kumiliki mali. Lakini serikali ya Tanzania haitambui kanuni 515. Inatambua wadhamini waliosajiliwa wa jimbo. Nenda kaangalie hati ya kiwanja na usajili wa shule: karibu kila mahali utakuta jimbo, au shirika la watawa kama shule ni yao. Hata shule ya shirika, askofu ana haki ya kuisimamia na kuitembelea kwa kanuni 806. Kwa hiyo katibu wa elimu akisema mmiliki ni jimbo, hakudanganyi.

Sasa halmashauri walei. Watu wanadhani ni bunge. Kanuni 536 inasema wazi kwamba halmashauri ya kichungaji ya parokia ina kura ya ushauri tu. Mwenyekiti wenu anaweza kukubali, kukataa, kulia, haibadilishi kitu kisheria. Kumbana yeye ni kumwonea.

Chombo cha lazima ni kingine. Kanuni 537: kila parokia LAZIMA iwe na kamati ya fedha, waamini wakimsaidia paroko kusimamia mali. Halmashauri kanuni inaacha askofu aamue kama inafaa iwepo. Kamati ya fedha haikuachiwa hiari ya mtu. Ulizeni kama mnayo, ni nani waliomo, na walikaa lini kujadili basi.

Na sasa muhuri wenu wa BWENI. Kanuni 1267, kifungu cha 3: sadaka waliyotoa waamini kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Haikusema "hasa" wala "ikiwezekana". Tena 1287 inawataka wasimamizi watoe hesabu kwa waamini juu ya mali waliyoitoa, kwa utaratibu wa sheria za mahali. Mzee wangu wa Kitangari, kuuliza hesabu siyo kiburi cha simu. Kanuni 212 inasema waamini wana haki, na wakati mwingine wajibu, kuwaeleza wachungaji maoni yao juu ya mema ya Kanisa, wakilinda heshima.

Kwa hiyo mwanzisha uzi umelenga. Hata shule ingekuwa ya jimbo mara kumi, kile kitabu cha kijani kina bwana wake, naye ni bweni.

SalfaNaKorosho

Kanuni 537. Naichora mkononi nikaende nayo kikaoni.

Bi Mtama

Frateri, kwenye karatasi kamati tunayo. Watu watatu. Mmoja amehamia Dar, mmoja ni fundi aliyejenga nyumba ya mapadre kwa hiyo kila akikaa anajikagua mwenyewe, wa tatu ni mweka hazina wa halmashauri. Kikao chao ni salamu baada ya misa ya kwanza.

Ticha wa Kemia

Nimesoma kimya, sasa nisemee upande ambao hausemewi. Nafundisha sekondari ya Kanisa, siyo hiyo, lakini zote zinaumwa ugonjwa mmoja.

Mnauliza kwa nini shule ikimbilie basi. Nawaambia. Kuanzia Januari 2016 serikali iliondoa ada mpaka kidato cha nne kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015, na 2022 ikaondoa ada ya kidato cha tano na sita. Jambo jema kwa nchi, sipingi. Lakini sekondari ndogo ya parokia, ambayo mzazi aliichagua kwa kuwa ada yake ilizidi kidogo tu ya serikali, ghafla inashindana na bure. Na sekondari za kata zimesogea karibu. Mzazi anayebaki na sisi anataka kitu cha kuona kwa macho: matokeo, usalama, usafiri. Mkuu wa shule akiona kidato cha kwanza wameripoti nusu ya darasa, anaota basi usiku.

Halafu kuna kalenda ya korosho. Shule zinafunguliwa Januari. Minada ya stakabadhi ghalani inaanza Oktoba, na fedha inamfikia mkulima kupitia AMCOS kwa awamu. Msimu ukienda vizuri, Januari tunakusanya ada mpaka tunakosa pa kuandika. Msimu ukiyumba, tunafundisha kwa mkopo. Mnaikumbuka 2018, serikali iliposema itanunua kwa 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kubeba? Watu walisubiri malipo miezi na miezi. Sisi walimu tulisubiri pamoja nao. Kulikuwa na mwenzangu wa Hisabati aliyekuwa analipwa kwa unga na maharage ya stoo, anaandikiwa kwenye daftari kama vile yeye ndiye anadaiwa. Aprili akapata ajira ya serikali, akaondoka na vipindi vyote vya kidato cha nne.

Kwa hiyo mkuu wa shule akikuta fedha imelala kwenye akaunti ya bweni na mishahara haijalipwa, majaribu ni makubwa. Sisemi ni halali. Nasema wekeni akaunti ya bweni mahali ambapo mkono wa shule haufiki, ili asijaribiwe.

Mwana wa Lukuledi

Ticha umesema la maana, na hilo la akaunti nalichukua kama lilivyo. Lakini bado sikubali kwamba shida ya shule inabadilisha muhuri. Wangesimama mimbarini wakasema "ndugu, shule inakufa, tunaomba fedha za bweni zinunue basi", nina hakika nusu ya kanisa ingenyoosha mkono. Ile nusu nyingine ingekataa, ndiyo, na hapo ndipo penyewe. Walituamulia kwa kuwa waliogopa jibu.

Abuu Mikindani

Assalaam alaykum jamani, naomba nipite kwenye uzi wa wenyewe. Mimi Mwislamu, binti yangu yuko shule ya Kanisa kidato cha tatu. Huku pwani hilo si ajabu, darasani kwao wenye hijabu wanajaa safu. Tulipoitwa wazazi tukaambiwa bweni, nilichangia kama wengine, maana atakayelala humo ni mwanangu. Sasa hizo kanuni za Frateri zinanihusu? Au mimi nimetoa sadaka ya mgeni?

Na nyongeza: mwanangu anahudhuria ibada ya asubuhi shuleni kwa kukaa kimya nyuma. Sijalalamika. Ila wakijenga bweni, swala ya alfajiri atasalia wapi? Nauliza kwa nia njema.

Frateri Mstaafu

Wa alaykum salaam. Swali la haki kabisa.

Kanuni 1267 inataja waamini, kwa hiyo kwa maandishi ya sheria ya Kanisa mlango wako siyo huo. Mlango wako ni bodi ya shule na kikao cha wazazi. Sheria ya Elimu inataka shule iwe na bodi, na shule iliyokuomba mchango ukiwa mzazi inakujibu ukiwa mzazi. Na nitakwambia kisichoandikwa: ukisimama wewe kwenye kikao hicho ukauliza bweni, utasikilizwa haraka kuliko sisi. Sisi tunaambiwa tunakosa utii. Wewe watakuambia nini?

Kuhusu swala, ibara ya 19 ya Katiba ya nchi inalinda uhuru wa kuabudu, na Kanisa lenyewe linafundisha kwamba imani hailazimishwi. Shule ina haki ya kubaki ya kikatoliki, misa na sala zake ziendelee. Haina haki ya kumfanya mwanao Mkatoliki kwa ratiba. Chumba kidogo cha utulivu bwenini hakibomoi ukatoliki wa mtu. Mwombe matroni mapema, kabla ramani haijafungwa.

Abuu Mikindani

Shukran. Kikao cha wazazi nitakuwepo, na sitakaa nyuma.

SalfaNaKorosho

Kwa nini msiruke wote hao mwende TEC, Baraza la Maaskofu? Rais wa TEC sasa ni Askofu Pisa wa Lindi, yuko hapa hapa kusini. Barua moja tu.

Frateri Mstaafu

Hapana mkuu, hapo watu wengi wanapotea. TEC siyo wizara na maaskofu siyo wakuu wa mikoa. Askofu Pisa amechaguliwa kuongoza Baraza tangu 2024, lakini ndani ya jimbo lisilo lake hana amri juu ya paroko wala askofu wa pale. Kila askofu anawajibika kwa Baba Mtakatifu moja kwa moja. Askofu Mkuu wa Songea, ambaye majimbo yetu ya kusini yako chini ya kanda yake, naye kanuni 436 inamruhusu kuangalia imani na nidhamu vinalindwa na kumjulisha Papa kukiwa na ukiukwaji. Haimpi ruhusa ya kuja kukagua basi.

Njia ni fupi kuliko mnavyodhani. Paroko, kwa maandishi. Akinyamaza, dekano, padre anayesimamia parokia kadhaa. Akinyamaza, askofu wa jimbo lenu, na nakala kwa msimamizi wake wa fedha, kwa sababu kila jimbo lazima liwe naye. Basi. Barua iwe na tarehe, iwe na nakala ya stakabadhi, isiwe na neno "ufisadi".

Mzee wa Kitangari

Hilo la kutoandika ufisadi nakubaliana nalo. Na hizo kanuni, kumbe ziko hivyo. Lakini barua ipelekwe na watu wazima, siyo vijana wa kikatoliki, VIWAWA, na simu zao. Mkikosa mtu wa kuongoza, wazee bado tupo.

Mwana wa Lukuledi

MREJESHO.

Barua imekwenda. Ukurasa mmoja. Wenyeviti wa jumuiya walisaini, siyo wote, wawili walisema wana watoto wanaosubiri kipaimara na hawataki maneno. Sikuwalaumu: barua ya jumuiya ndiyo inayombatiza mtoto na ndiyo inayomzika mzee, mtu anapima. Tuliambatanisha stakabadhi sita za kijani. Hatukuuliza shule ni ya nani. Tuliuliza mambo matatu: fedha ya bweni ilikuwa kiasi gani siku ujenzi uliposimama, kiasi gani kimeingia kwenye basi, na kitarudi lini.

Paroko alituita. Sitaficha, alianza na hasira. Alisema angeulizwa kwa mdomo angejibu. Mzee mmoja akamwambia kwa upole kwamba kwa mdomo ameulizwa tangu Januari. Ikatulia. Akatoa daftari, na hesabu imeandikwa vizuri kuliko nilivyotegemea. Fedha haikupotea hata senti. Imekwenda kwenye basi karibu yote.

Tuliyokubaliana: nauli wanayolipa wanafunzi wa basi itenganishwe, ikishatoa mafuta na dereva inarudi bweni. Akaunti ya bweni ihamie parokia, wasaini watu watatu, mmoja awe wa kamati ya fedha asiye fundi (Bi Mtama, nilikukumbuka). Kamati yenyewe iundwe upya na majina yasomwe kwenye matangazo. Hesabu isomwe kanisani kila robo mwaka. Mwenyekiti wa halmashauri hatusalimii, yatapita.

Kilichokataliwa: tuliomba parokia iwe na mjumbe wa kudumu kwenye bodi ya shule. Paroko amesema hilo si lake, ni la jimbo. Kwa maelezo ya Frateri naona yuko sahihi, kwa hiyo hiyo ni barua nyingine.

Bi Mtama

Hongereni. Swali la mpita nyumba: stakabadhi za kijani tuendelee nazo au tusubiri? Maana nikipita sasa nitaulizwa.

Mwana wa Lukuledi

Usipite mpaka hesabu ya kwanza isomwe. Hata paroko amekubali.

Ticha wa Kemia

Angalieni jambo moja kwenye makubaliano. Nauli ya basi itategemea korosho kama ada inavyotegemea. Mkiandika "kila mwezi" mtaanza kugombana Juni, wakati kila mzazi amemaliza fedha yake kwenye salfa na hakuna anayelipa nauli.

Mwana wa Lukuledi

Umeona mbali. Nimeongea na katibu sasa hivi, haijapigwa chapa bado. Anabadilisha: marejesho Novemba, Desemba na Januari, na msimu ukichelewa kuuzwa tarehe inasogezwa kwa kikao cha kamati, siyo kwa simu ya mtu mmoja.